Madame na Filamu ya Dakika Sita

Ninayo diski moja ndogo nyeusi, ambayo kwa miaka minane nimeificha ndani ya kopo la maziwa ya unga, nyuma ya masufuria. Ndani yake mna filamu ya dakika sita tuliyoitengeneza tukiwa wanafunzi, nayo haijawahi kuonyeshwa hadi mwisho. Miezi miwili iliyopita watu wa tamasha moja la mbali, wanaokusanya filamu za wanafunzi, waliniandikia kwamba wamesikia habari zake na wanaitaka yote. Nilifurahi, sitaficha. Nilirukaruka peke yangu chumbani kama mtu aliyeona nyoka. Halafu nikakumbuka kwamba ndani ya filamu ile kuna mzee anayesema maneno yanayoweza kumtoa roho, na furaha yangu ikaingia doa. Nilijua kuna mtu mmoja tu wa kumuuliza nifanye nini, na mtu huyo nilimwogopa kuliko mama yangu mzazi.

Sote tulimwita Madame. Shuleni kwetu Majengo walikuwapo Madame wengi, wa hesabu, wa Kifaransa, wa dini, lakini ukisema Madame bila kuongeza kitu watu walijua unamsema yule wa video. Mahali alipozaliwa na njia iliyomleta kwetu nayajua nusunusu, na mambo ya nusunusu ni heri niyaache. Ninachokijua vizuri ni jinsi alivyotembea, alivyogomba, na alivyotunyima kamera mwezi mzima.

Mwezi huo wa kwanza alitugawia vipande vya boksi la sabuni, kila mtu na chake, kila kipande kimekatwa tundu la mraba katikati, aliloliita kadre. Hiyo ndiyo ilikuwa kamera yetu. Tulisimama getini, tukaweka jicho kwenye tundu, tukatakiwa kusema tunachoona. Zamu yangu ilipofika nilisema naona mama anauza sambaza.

"Mama iko wapi?" Madame akauliza. Alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, kidevu chake karibu kwenye bega langu. "Mu kadre yako minaona mikono na samaki. Sema kile kinaonekana, acha kile unajua."

Nikasema naona mikono inapima sambaza kwa kopo. Akaenda kwa mwingine bila kunijibu, na hapo nikajua nimepata. Nyumbani mama alipokiona kile kipande cha boksi aliniuliza kama shule siku hizi inafundisha watoto kuchungulia. Nikamjibu kwamba ndiyo, na kwa kweli sikuwa nimedanganya.

Kamera zenyewe zilikuwa tatu tu, kongwe, moja betri yake imevimba hadi kifuniko hakifungi. Vumbi letu jeusi la mawe ya volkano linajua kuingia popote, kwa hiyo alizifunga kwenye mifuko ya plastiki na kuzivua kama mtu anayevua mtoto nguo. Maikrofoni aliivalisha soksi ya mtoto mchanga ili upepo usipige kelele. Alitukataza kugusa kioo cha kamera kwa kidole, kisha yeye akakipangusa kwa ncha ya kitenge chake, na aliyethubutu kumtazama alipewa kazi ya kukunja nyaya.

Ndivyo alivyokuwa. Alichelewa kila siku, na kila siku akifika alifunga mlango nyuma yake na kuwahesabu kuwa wachelewaji wale wote waliokuja baada yake. Alikataa muziki ndani ya filamu zetu, akisema muziki ni sukari ya kufichia chai mbaya, ilhali nyumbani kwake redio ilipiga miziki tangu asubuhi, kwa sauti ya kuwasumbua majirani. Alitufundisha uvumilivu kwa kutugombeza. Hakupanda pikipiki hata mvua inyeshe vipi. Alikuwa akisema akifa anataka kufa kwa kitu cha maana. Alikwenda kwa miguu kutoka mtaa wetu wa Majengo hadi ule wa Mapendo, na sisi na vyuma vya kamera mabegani tukimfuata huku tukimsema kimoyomoyo.

Hakusifu. Ukimletea kazi aliitazama mara mbili, mikono amefumbata, na kama imekuwa nzuri alisema neno moja tu: "Inaonekana." Basi. Wapo waliomaliza shule bila kulisikia. Mimi nililipata mara mbili, na mara ya pili natamani hadi leo asingelisema.

Uongo katika picha ndio uliomuudhi kuliko vyote. Dieume, mwenzangu wa kikundi, siku moja alipiga picha za asubuhi akazitia giza kwenye kompyuta ili zionekane za jioni. Madame alizima kompyuta katikati ya filamu, akatutoa nje sote wawili, akatuambia tukae tungoje jioni yenyewe ije ndipo tuone inavyofanana. Tulikaa kwenye jiwe hadi jua likazama nyuma ya ziwa. Tangu siku hiyo nikijaribiwa kughushi jambo dogo katika kazi yangu, nasikia baridi ya jiwe lile.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la mpangilio. Ukifika kwa mtu, alisema, sikia kwanza. Fumba macho, sikia nyumba yake inatoa mlio gani. Kisha piga picha ya vitu vyake, kisha mikono, kisha mgongo. Uso uje mwisho, siku nyingine, na pengine usije kabisa. "Mikono unaweza kusalimia," alizoea kusema, "mugongo unaweza kufuata, mais uso unaomba." Tulilisema neno hilo kwa kumwigiza, kidevu juu, hata akatukuta siku moja. Alituambia tunaigiza vibaya, tumesahau mais, ile “lakini” yake ya Kifaransa.

Msidhani mpangilio ule ulikuwa adabu tu. Kupiga picha barabarani katika mji wetu ni kutafuta balaa, na yeye alijua. Siku moja karibu na soko, mtu mwenye magwanda aliikamata kamera mikononi mwa Dieume na kuuliza tumetumwa na nani. Swali hilo kwetu halina jibu zuri. Madame akasogea, akamsalimia yule mtu, akamuuliza habari za watoto, kisha akakifungua kioo kidogo cha kamera amwonyeshe tulichopiga. Ilikuwa dakika nzima ya mikono ya mama akichagua maharage.

"Juu ya nini mikono tu?" yule mtu akauliza. "Mama mwenyewe iko wapi?"

"Uso hajatupatia bado, chef."

"Na akikatala?"

"Tutarudi ku nyumba na mikono tu."

Yule mtu akatazama tena tangu mwanzo. Akasema mama yake naye alikuwa akitupa mawe ya maharage kwa kidole gumba vile vile. Akaturudishia kamera. Tulipopinda kona Madame aliketi juu ya ukuta wa mawe akaomba maji, lakini kifuniko cha chupa kikamshinda. Nilimfungulia mimi, naye akanikataza kwa macho nisiseme kitu.

Sasa niseme juu ya filamu. Mwaka wa mwisho kila kikundi kilipaswa kutengeneza yake. Mimi na Dieume tulichagua makala, yaani makaa ya kupikia, tufuate gunia kutoka linakotoka hadi chini ya sufuria. Ndivyo tulivyompata Papa Bauma, mtu wa milima ya Masisi aliyekuwa akiishi Majengo na kufanya kazi ya chukudu, ile baiskeli nzito ya mbao isiyo na pedali ambayo kwetu imesomesha watoto wengi kuliko ofisi. Alipanda nayo hadi Kibumba, juu ya mji, ikiwa tupu, akateremka imejaa magunia, goti moja juu ya mbao na mguu mwingine ukisukuma lami.

Chukudu yake aliichonga mwenyewe. Mkono mmoja wa usukani ulikuwa wa mti mweupe kuliko mwingine kwa sababu ule wa kwanza ulivunjika. Pale pa kuweka goti alipigilia kipande cha buti la kijani. Na ilikuwa na mlio wake: kilio kirefu, halafu kikohozi kifupi kila gurudumu la mbele lilipomaliza mzunguko. Akina mama wa mtaa waliusikia wakatoka na mabeseni kabla hajafika. Tulipomuuliza kwa nini haipaki mafuta alishangaa. "Ile njo kengele yangu," akasema.

Tulifuata mpangilio wa Madame bila kuruka hatua. Juma la kwanza tulirekodi mlio. Juma la pili tulipiga magurudumu, usukani, mikono, mgongo. Juma la tatu, tumekaa uani kwake, Papa Bauma alianza kusema mwenyewe. Alisema kwamba barabarani kuna kizuizi ambapo watu wenye bunduki hukata sehemu ya kila gunia, na kwamba yeye alipokataa walimtia shimoni siku mbili. Akasema mkubwa wao anakaa humu mjini, ana depo ya makala, watu humwita Vieux Radar. Alipomaliza akamtazama Dieume, kisha mimi.

"Mukiweka uso yangu," akasema, "mimi minakufa. Munasikia? Minakufa."

Tukamwapia. Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa kukata na kuunga picha. Niliuondoa uso wake kila mahali, nikaitia sauti yake uzito hadi ikawa ya mtu mwingine, na pale alipokuwa akisema niliweka mikono, mgongo na gurudumu. Nilijiona bingwa. Madame aliitazama mara mbili, mikono amefumbata, akasema, "Inaonekana."

Kosa tulilofanya ni la wanafunzi wake tu. Mwingine angeonyesha kila kitu au angeficha kila kitu. Sisi tulifundishwa kusikia kwanza, kwa hiyo filamu yetu ilianza na giza tupu na mlio wa chukudu ya Papa Bauma, sekunde ishirini nzima, safi kabisa, nilizozipenda mno.

Onyesho lilikuwa Jumamosi alasiri. Madirisha ya ukumbi yalifunikwa vitenge, wazazi wakajaa, watoto wa mtaa wakabanana nyuma, na mbele viti vya wageni. Nilikuwa karibu na mlango wakati mzazi mmoja aliposimama kumpa mkono mgeni aliyekuwa akiingia, mtu mnene mwenye koti la kijivu, na kumwambia, "Karibu, Vieux Radar." Mtu yule alikuwa na mtoto katika kidato cha chini, sisi hatukujua. Nilianza kupenya kati ya viti nimfikie Madame kwenye projekta, lakini taa zikazimwa, na filamu ya kwanza kwenye orodha ilikuwa yetu.

Nilijituliza kwamba uso haupo. Ndipo mlio ukaanza gizani, kilio kirefu, kikohozi kifupi, na kabla picha yoyote haijatokea watoto wote wa nyuma wakapiga kelele kwa furaha: "Papa Bauma!" Ukumbi ukacheka. Mama mmoja akasema kwa mzaha kwamba makala imefika, leteni mabeseni. Vieux Radar naye alicheka, kisha akaegemea mbele, viwiko juu ya magoti, akatazama.

Mimi nilijua filamu ile kwa sekunde. Dakika ya pili mzee angeanza kusema. Dakika ya tatu angefika kwenye shimo. Dakika ya nne angetaja jina. Nilisimama katikati ya viti, mama mmoja akinivuta sketi nikae, nikashindwa kukaa na nikashindwa kwenda. Sauti nzito ilikwisha kuanza. Ilikwisha kusema neno kizuizi. Nikaona kivuli cha Madame kikiinama upande wa ukuta, na picha ikafa.

"Courant imeenda," akasema gizani, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mutusamehe, ba mama na ba papa. Tutaonyesha siku ingine."

Hapa kwetu hakuna anayeuliza juu ya umeme uliokatika. Watu waliguna, wakakunja vitenge, wakaanza kutoka. Mimi nilikuwa nimefika dirishani. Ng'ambo ya ua, taa ya ofisi ya katibu ilikuwa inawaka. Mwanamke aliyetukalisha juu ya jiwe kwa sababu ya asubuhi iliyoitwa jioni alikuwa amewadanganya wazazi wote mara moja, na nilimpenda siku hiyo kuliko siku nyingine zote.

Kabla hajaondoka alituita kando, akatuamuru tufute kila kitu, picha za mwanzo na filamu yenyewe. Alituachia kompyuta akatoka haraka haraka. Dieume alifuta za kwake. Mimi nilinakili kwanza ndipo nikafuta. Sikuwa na sababu ya maana. Ilikuwa kazi yangu nzuri kuliko zote na moyo ulinikatalia. Hayo ndiyo majivuno, na siwezi kuyapa jina lingine.

Siku zilizofuata mlio haukusikika mtaani. Nilimuuliza Madame, macho chini. Akaniambia Papa Bauma alirudi kwao Masisi kwa kaka yake, na yuko salama. Nilishukuru Mungu, nikaamini, na niliamini upesi kwa sababu nilitaka kuamini. Mwaka huo huo tulihamia Mapendo, na Majengo ikawa mahali pa kupita.

Leo ninaishi kwa kamera. Napiga arusi, mahari, matanga, ubatizo. Wateja hunicheka kwa sababu nafika mapema nikafumba macho uani. Bibi arusi akilia nashusha kamera hadi aniambie nipandishe. Nimewahi kupoteza kazi kwa ajili hiyo, na nimewahi kupewa nyingine kwa ajili hiyo hiyo. Waliosoma nyuma yetu wakinitembelea hunisimulia kwamba Madame aliwaongezea mtihani ambao sisi hatukuufanya: ukimficha mtu katika filamu, unaipeleka filamu kwa jirani yake wa avenue moja, na jirani akimtambua kwa chochote, kiatu, kikohozi, kuku wake, unarudia tangu mwanzo. Walilalamika kwamba hakuna aliyefaulu mara ya kwanza. Nilicheka nao, nikidhani ni ukali wa uzee.

Basi barua ya tamasha ilipokuja, nilikwenda kwake. Hafundishi tena. Nilimkuta sebuleni, redio juu, anakata sombe, majani ya muhogo. Nilimweleza yote bila kupumua, diski, kopo la maziwa, barua. Alinyoosha mkono akazima redio, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Nilisema mufute," akasema.

"Nilikudanganya, Madame."

"Na mimi nilikudanganya."

Akaweka kisu chini. Akaniambia kwamba alasiri ile ya onyesho alipanda pikipiki, yeye, akamwambia kijana akimbize, hadi kwa Papa Bauma. Alimkuta ameketi anakula. Alimweleza kwamba watu wamemtambua kwa mlio, na kwamba Vieux Radar alikuwa kiti cha mbele.

"Nilimwambia aivunje ile chukudu," akasema. "Mimi njo nilisema. Wangemutafuta na ile. Akaleta musumeno. Mimi nilishika upande moja, yeye akakata. Mbele ya jua kuzama alikuwa ameshaenda na bibi yake na batoto. Si Masisi. Ndosho."

"Ndosho? Hapa hapa?"

"Hapa hapa. Anaponda mawe ya kujengea."

Hasira ilinipanda. Miaka minane nilikuwa nikijipongeza kwamba tulimwokoa, kumbe mzee alikata kwa mkono wake kitu kilicholisha nyumba yake, na yote kwa sababu ya sekunde ishirini nilizozipenda. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Nilipandisha sauti, mbele ya Madame.

"Ungeacha kamera," akasema.

"Ningeacha kweli."

"Njo mana."

Nilimwambia kwamba hakuwa na haki. Nilimwambia alikata kipande nilichostahili kukiona kuliko vyote. Hakujitetea. Alitazama sombe yake, akasema yeye pia aliutazama mwanzo ule mara mbili na hakuusikia, yeye aliyetufundisha kusikia. Kisha akaniagiza nije Jumapili baada ya misa, na kompyuta.

Tulikwenda kwa miguu. Alibeba kilo ya sukari na mche wa sabuni, na njiani alipumzika mara nyingi. Papa Bauma alikuwa nyuma ya nyumba yake, juu ya kilima kidogo cha kokoto nyeusi, nyundo mkononi, amezeeka kuliko nilivyojiandaa. Alimwamkia Madame kama mtu wa nyumbani. Mimi hakunijua hadi nilipotaja chukudu, na hapo uso wake ukakunjamana.

Nilimweleza. Nilipiga magoti kwenye zile kokoto, nikamwambia mlio ule niliuweka mimi, nikamwomba msamaha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Ulikuwa mutoto," akasema. "Mutoto anakosa. Lete nione."

Hakuwa ameiona kamwe. Nikaweka kompyuta juu ya jiwe, nikaifunika kwa kitenge ili jua lisiue picha, akaingiza kichwa. Giza, kisha kilio kirefu, kikohozi kifupi. Nyundo ikamtoka mkononi. Magurudumu yakaja, usukani wenye mkono mweupe, kipande cha buti la kijani.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Kila mara nilisimamisha kabla sauti haijaanza kusema, na kila mara alisema rudisha. Mara ya tatu Madame akazungumza kutoka nyuma yetu, amesimama, mikono imeshika mkoba.

"Papa Bauma, miaka yote minakuya hapa na sukari, sijasema neno. Nilikukosea. Nilisema ile filamu ni muzuri, na nilisema uvunje chukudu. Unisamehe."

Sikuwahi kumsikia akiomba msamaha kwa mtu. Mzee hakutoa kichwa chini ya kitenge.

"Nilijua sukari ni ya nini, Madame," akasema. "Ukae, umechoka."

Akaketi juu ya kokoto. Nilimweleza mzee habari ya tamasha. Nilikuwa nimetayarisha maneno: naweza kuondoa mlio, naweza kuweka mikono ya mtu mwingine, watu wale wako mbali. Nilipofika kwenye maneno hayo niliona aibu nikayaacha. Nilimuuliza tu kama anakubali au anakataa.

"Vieux Radar iko muzima?" akauliza.

Nikamjibu kwamba yu mzima, na ameongeza depo.

"Basi usitume."

Nikasema sawa. Nikapeleka kidole nifute pale pale mbele ya macho yake, niwe nimetii amri ya zamani hatimaye. Akanikamata kifundo cha mkono, mkono mkavu, mgumu.

"Nani amekuambia ufute?" akasema. "Bale batoto badogo balizaliwa huku Ndosho. Bo habayaiona chukudu yangu."

Akawaita. Wakaja wasichana wawili, wakachutama chini ya kitenge pamoja naye, na Papa Bauma akawaonyesha kwa kidole mahali alipoweka goti, na mahali mbao ilipovunjika akaibadilisha, na jinsi alivyoipinda kwenye kona za Kibumba. Wakamuuliza iko wapi sasa. Akawaambia iliharibika. Madame, kwenye kokoto zake, alikuwa analia waziwazi, na hakujifuta.

Jumatatu niliwaandikia watu wa tamasha kwamba filamu ile ina mwenyewe, na mwenyewe amekataa.